Mpango wa kupona haraka baada ya upasuaji: umefaulu wodi moja, je, hospitali nzima?

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa upasuaji wa utumbo mpana alifungishwa kula na kunywa tangu usiku wa manane, akazinduka ana mpira puani na mwingine wa mkojo, kisha akaambiwa alale tu, asile mpaka utumbo uamke. Katika miaka ya 1990, daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuhoji ni yapi kati ya hayo yanamfaa mgonjwa. Mengi hayakumfaa. Katika mpango uliotokana na kazi hiyo, mgonjwa huelezwa mapema yatakayomkuta, hunywa maji hadi saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, hutulizwa maumivu kwa dawa mchanganyiko ili morfini ipungue, na hukaa kitini siku hiyohiyo au kesho yake.

Kwenye utumbo mpana ushahidi ni mzito: siku za kulazwa hupungua, matatizo baada ya upasuaji hupungua, na wanaorudi kulazwa hawaongezeki. Ndiyo maana wanaotaka mpango uenee wodi zote wana hoja ya haki ambayo ni vigumu kuijibu. Kwa nini mgonjwa wa mifupa ashinde na kiu wakati mgonjwa wa utumbo, ghorofa ya juu, anakunywa? Tena inawezekana. Mwaka 2014 Kaiser Permanente, mtandao wa hospitali wa Marekani, iliupeleka mpango huu katika hospitali zake 20 za kaskazini mwa California, ukiwahusu hata waliovunjika nyonga, ambao hawapati wiki za kujiandaa.

Wenye wasiwasi nao hawapingi sayansi. Wanajua wodi ilivyo. Kumtembeza mgonjwa jioni ya upasuaji ni kazi: kumkalisha kwanza, kuangalia kama ana kizunguzungu, kushika dripu na mfuko wa mkojo, kumpa bega hadi mlangoni na kurudi. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi ataacha hilo kabla ya kuacha dawa, na hatakuwa amekosea. Hata ile ruhusa ya kunywa maji hadi saa 2 kabla ya dawa ya usingizi huvunjika pale zamu za chumba cha upasuaji zinapopanguliwa bila wodi kuambiwa: muuguzi asiyejua mgonjwa ataitwa lini humzuia kunywa kabisa. Na mpango huu una hatua zaidi ya 20. Utafiti wa Sweden ulionyesha kwamba kadiri hatua nyingi zinavyotekelezwa, ndivyo matatizo yanavyopungua. Kuusambaza kwa waraka tu ni kusambaza jina lake.

Mimi naunga mkono upanuzi, wodi baada ya wodi, kila moja na muuguzi wake mratibu na hesabu ya hatua zilizotekelezwa kweli. Sikubaliani na uongozi unaopima siku za kulazwa peke yake. Kipimo hicho kinaweza kumrudisha nyumbani mzee asiye na wa kumhudumia, na takwimu zikapendeza.

Kuna jambo ambalo bajeti huwa hailioni. Siku zinazokatwa ni zile za mwisho, mgonjwa anapojimudu na kumsumbua muuguzi kidogo. Zinazobaki ni siku nzito, kwa hiyo kazi kwa kila kitanda huongezeka. Hospitali itakayopunguza wauguzi kwa sababu wagonjwa wanatoka mapema itauua mpango wenyewe. Kilichookolewa kirudi wodini kwanza: mtu wa kutembeza wagonjwa jioni, na mtu wa kuwapigia simu walioruhusiwa jana.