Kitabu kisicho na maswali

Nilikuwa darasa la nne, miaka tisa, mama alipofariki. Tulimsafirisha kutoka Nakuru hadi Bungoma kwa basi la kukodi. Tulipofika Timboroa baridi ikatupiga, mtu akanifunika leso na kuniambia nilale. Safari nzima, sikumbuki kusemezwa lingine.

Kwetu Wabukusu, mzee mwenye jina akishazikwa, huletwa msemaji wa kuliwaza wafiwa, omuswala kumuse. Msemaji huyo hutembea katikati ya waombolezaji walioketi, fimbo mkononi, akisimulia ya ukoo, akikemea, akiliwaza, mpaka watu wazima mioyo inatua. Mama hakuwa mzee, na maneno yale hata hivyo si ya watoto. Sisi tuliambiwa mama amepumzika, kisha tukatumwa mtoni kuchota maji.

Jikoni kwa kukhu, yaani nyanya yetu, kulikuwa na kitabu cha hadithi kilichoanzia ukurasa wa 9. Jalada nadhani liliwashia moto zamani. Fisi alikuwa ametumbukia kisimani, na sungura yuko juu anajifanya hasikii. Nilikisoma kwa mwanga wa koroboi hadi pua ikajaa masizi, na kesho yake nikakianza tena. Kurasa za mwisho nazo hazikuwepo, kwa hiyo fisi alibaki mlemle majini. Kila nilipofungua nilimkuta. Nyumbani humo watu walikuwa wakija na kuondoka, vitu vya mama vikigawanywa, lakini fisi hakuwa na pa kwenda.

Leo naona watu wenye nia njema wakimpa mtoto aliyefiwa kitabu, halafu wanamharibia papo hapo. Akifika mwisho tu, "Haya, hadithi hii imekufunza nini?" Shule zetu zimetuzoesha hivyo: kila hadithi ina ufahamu, kila sungura ana funzo. Wengine humtafutia kabisa kitabu kuhusu kifo, kana kwamba hajui kilichotokea. Mtoto huyu amepimwa vya kutosha. Wageni wanamchunguza kama atalia, na shangazi zake (nami ni mmoja wao siku hizi) wanamwambia sasa yeye ndiye mama wa wadogo zake. Mpe fisi wake uondoke. Akikisoma hicho kimoja mara ishirini, shauri yake.

Sisemi kitabu kinatosha. Nililia kweli miezi kadhaa baadaye, nilipokuta kandambili za mama chini ya kitanda, na siku hiyo fisi hakunifaa kitu. Baba aliketi sakafuni kando yangu bila kusema neno, kandambili moja mkononi mwake, mpaka giza likaingia.

Mwaka huu kaka yangu amefiwa na mkewe. Binti yao ana miaka minane. Nilipita kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Nakuru, wale wanaovitandaza juu ya gunia kando ya barabara, nikachagua vitatu vya hadithi. Vyote vilikuwa na ukurasa wa "Maswali" nyuma. Nikaenda navyo nyumbani, nikachukua kiwembe.

Juzi alinijia na kimoja, amekifunua mwishoni, anapapasa kwa kidole pale karatasi ilipokatwa.

"Senge, hii ilienda wapi?"

"Panya," nikamwambia.