UTI sugu, bando na daktari kijana

Ukishinda kliniki ya wagonjwa wa nje katika hospitali ya Temeke au Mwananyamala, Dar es Salaam, utasikia "UTI sugu" mara nyingi kuliko kisonono. Ni neno la stara. Mgonjwa analitumia ili asiulizwe zaidi, na daktari kijana, foleni ikiwa mlangoni, analipokea kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaotaka vijana wavutwe kwenye fani ya magonjwa ya zinaa kwa madarasa ya mtandaoni hawakosei kuona tatizo. Ninachojiuliza ni kama simu inaweza kumtoa daktari aibu.

Kwa kiasi fulani inaweza. Kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza 1992 na kufundisha magonjwa ya ngozi pamoja na ya zinaa, kiko mbali na daktari wa mafunzo kwa vitendo anayetoka zamu ya usiku hospitali ya Amana, Dar. Mtandaoni, bingwa mmoja anawafikia wengi jioni moja. Na asiyethubutu kunyoosha mkono ukumbini kuuliza kuhusu ngono ya mdomo, kwenye simu anaandika swali bila jina na hakuna anayemgeukia. Fani yenyewe, ikisimuliwa vizuri, inavutia. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kisonono nacho kimeizoea dawa ya siprofloksasini, na sasa tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni. Hapo kuna kazi ya mtu mwenye akili.

Sasa fuata somo hilo ukiwa umepanga chumba Manzese, picha ya kidonda cha kaswende imejaa kwenye kioo cha simu na shangazi anaingia na chai. (Kwenye mwendokasi usijaribu kabisa.) Hilo tutacheka. Lakini picha ile ni ya mtu, na inaweza kufika kundi la WhatsApp kabla somo halijaisha. Mgonjwa mmoja akitambuliwa, mtaa wake utahamia duka la dawa.

Isitoshe, ufundi wa fani hii uko mdomoni. Utamwulizaje mzee aliyekuja na mkewe kwamba mara ya mwisho alilala na nani? Utamwomba mama atoke nje kwa maneno gani? Utasemaje kwamba mwenza naye anahitaji dawa, ndoa isivunjike mbele yako? Hayo hujifunzwa ukikaa kimya pembeni ya muuguzi mzoefu, mchana mmoja kila wiki. Mimi ningeyaruhusu madarasa ya mtandaoni kwa sharti hilo tu.

Kisha kuna ajira. Akizima simu saa nne usiku, bando limekwisha na fani ameipenda kweli, kijana ataanza kuuliza hospitali zipi za Dar zina nafasi ya bingwa wa namna hiyo. Asipopata jibu, atajaza fomu ya kusomea upasuaji.