Tiketi ya mpira isilanguliwe

Kila derbi ya Mazembe na Lupopo inapokaribia, mabishano yale yale yanarudi Lubumbashi: anayechukua tiketi ishirini asubuhi na kuziuza mchana kwa bei mara tatu, tumwite mfanyabiashara au mlanguzi? Mimi namwita mlanguzi, na ningependa sheria ya nchi yetu, Kongo, imwite hivyo waziwazi. Kuuza tiketi kwa faida kupigwe marufuku. Kumwachia mwenzako tiketi kwa bei uliyoinunulia kuruhusiwe, maana mtu huugua, hufiwa, hubadilishiwa zamu mgodini.

Jibu la kwanza nalijua: bei ni huru. Ni kweli nchi ina sheria ya 2018 ya uhuru wa bei na ushindani, na wengi wetu tunaishi kwa kununua hapa na kuuza pale. Kuna wanaomtaja hata kadhafi, yule muuza mafuta wa chupa kando ya barabara: mbona anauza ghali kuliko stesheni na tunanunua? Lakini tazameni kazi yake. Kadhafi anafikisha mafuta mahali pasipo na stesheni, au saa ambayo stesheni imefungwa, na gari likizima usiku unamshukuru. Mlanguzi wa tiketi hafikishi kitu popote. Anasimama hatua chache kutoka kwenye gishe, dirisha la kuuzia tiketi, anauza kile kile kilichokuwa ndani ya gishe, na asingekuwepo ungekipata kwa bei ya gishe.

Wala msiniambie kwamba analipwa kwa sababu aliwahi kuamka. Nimeshuhudia mechi kubwa ambayo watu walipanga mstari tangu asubuhi, jua likiwapiga, gishe ikafunguliwa na baada ya muda mfupi dirisha likafungwa: tiketi za purturu, zile za bei ya chini, zimekwisha. Mbele yangu alikuwa baba mmoja na mtoto wake aliyevaa jezi nyeusi na nyeupe. Tulikuwa tumezungumza mstarini, wametoka Ruashi. Kabla hatujatawanyika, kijana mmoja akapenya katikati yetu akiwa amefumba mkono. Akaufumbua kidogo. Kilikuwa kitita cha tiketi, bado kimekazwa kwa mpira, namba zake zinafuatana. "Papa, inabakia hizi tu," akasema, akataja bei. Yule baba alihesabu franka zake, akamtazama mtoto, akahesabu tena, akanunua mbili. Nauli ya kurudi ilikuwa ndani ya pesa zile zile.

Namba zile ndizo zinazoniuma mpaka leo. Tiketi zilizonunuliwa moja moja na watu waliopanga mstari haziwezi kufuatana hivyo. Zilitolewa na mtu aliye ndani, kabla dirisha halijafunguliwa, na faida ya mchana ule iligawanywa. Kwa hiyo sheria itakayomkamata kijana peke yake haitanisaidia mimi wala yule baba. Polisi watampokonya tiketi tano, kesho atasimama mwingine pale pale, na aliyetoa vitita atakuwa amekaa kivulini. Adhabu kubwa imwendee huyo wa ndani.

Wanaojua uchumi husema kwamba watu wakizidi viti, bei lazima ipande, na mwenye uwezo ndiye aingie. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa 2011, una viti kama 18,000 katika jiji la watu milioni kadhaa. Viti havitatosha siku ya derbi, hilo sibishi. Ila klabu inajua hesabu hiyo kuliko sisi sote, na bado inapanga bei ya purturu iwe ya chini. Inafanya hivyo kwa kutaka. Purturu ndiyo inayoimba tangu mpira unaanza hadi unakwisha. Tarehe 8 Novemba 2015, Mazembe ilipoifunga USM Alger 2-0 katika uwanja ule na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, ni watu gani walioutikisa uwanja? Mlanguzi anaifuta bei hiyo ya chini na kuweka yake, na katika nyongeza anayokula hakuna hata franka moja inayomfikia mchezaji, wala akademia, wala fundi anayetengeneza viti. Bei ikistahili kupanda, klabu yenyewe ipandishe mchana kweupe na mashabiki waihoji.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Ubelgiji, ambako sheria zetu nyingi zina mizizi, ilipitisha sheria Julai 2013: kuuza tena tiketi kwa mazoea ni marufuku, na anayeuza mara moja moja haruhusiwi kuzidisha bei. Ireland ilifanya kama hivyo 2021 kwa kumbi na viwanja vya watu 1,000 na zaidi. Uingereza ilitangulia kwa mpira wa miguu, mwaka 1994, na sababu yake kubwa ilikuwa usalama. Hata ukiuza kwa bei ile ile bila idhini ni kosa, kwa kuwa mashabiki wa timu mbili wanatakiwa kukaa mbalimbali, na tiketi inayotembea mikononi mwa watu inawachanganya. Anayeijua derbi yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Tena tiketi zikishauzwa barabarani, za bandia zinaingia kwa urahisi, na mwandaaji hajui tena ni watu wangapi watafika mlangoni. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye tamasha la Fally Ipupa katika Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa kwa msongamano. Sisemi walanguzi ndio waliosababisha vifo vile. Nasema idadi ya watu uwanjani ni jambo la uhai na kifo, na anayeichezea kwa ajili ya faida asiachwe.

Marufuku peke yake haitamaliza ulanguzi. Utahamia WhatsApp, na sehemu yake imeshahamia. Klabu na waandaaji watangaze kabla ya mauzo kila gishe imepewa tiketi ngapi, na za kuanzia namba gani hadi gani, ili kitita kikionekana nje ijulikane kimetoka dirisha lipi. Warudishe pesa kwa anayeshindwa kwenda. Kisha wapeleke tiketi kwenye mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi, ziuzwe na vijana kama wanavyouza inite (vocha) za simu: bei moja kwa wote, na muuzaji anapata asilimia yake kutoka kwa klabu. Yule kijana mwenye kitita angeweza kuwa wa kwanza kuandikishwa.