Kabla ya kumlaani anayemdunga panya

Hapa Lamu punda na paka wana watetezi wao, na wanastahili. Sasa wapo wanaotaka hata steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zisijaribiwe tena kwa wanyama wa maabara. Wanatukumbusha yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Hoja yao nzito. Kinachonikera ni kumwona mtafiti akisemwa kama mtu asiye na huruma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akitafuta kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Aliwatilia wanakondoo steroidi wakiwa bado tumboni, wakazaliwa mapema mno. Waliotarajiwa kufa wakakutwa wanapumua. Mwaka 1972, yeye na mwenzake Ross Howie walichapisha matokeo ya kina mama waliopewa steroidi ili kuwaokoa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi tano, Kenya ikiwemo. Wajawazito waliokaribia kujifungua kabla ya wiki ya 34 walidungwa deksamethasoni, mojawapo ya steroidi, miligramu 6 kila saa 12, sindano zisizozidi nne. Kwa waliokosa dawa, watoto 23.5 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Kwa waliopewa, 19.6. Tofauti ni karibu wanne katika mia. Ni wachache? Mwulize mama wa Faza, kisiwani Pate, aliyeshikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba, anangoja boti ya kumleta hospitali ya King Fahd hapa Lamu na bahari imechafuka. Nani angethubutu kumdunga yeye kwanza, kabla ya kondoo?

Ni kweli panya hupotosha. Kotisoni, steroidi nyingine, iliwapasua kaakaa vitoto vya panya, lakini kwa binadamu hatari hiyo haikuonekana kwa kiasi kile. Na lipo jaribio nisiloweza kulitetea kila linapofanywa: tangu 1962 panya hudungwa wayo kwa karajinani, inayotokana na mwani, jamii ya ule unaolimwa Kibuyuni. Wayo huvimba kwa saa kadhaa ukipimwa, na kwa kawaida hapewi cha kutuliza maumivu maana kingeharibu vipimo. Jaribio hilo hurudiwa kwa kila jani na kila mzizi unaodhaniwa kutuliza uvimbe, hata pale jibu lisipomfikia mgonjwa yeyote.

Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataka kibali kwa majaribio ya wanyama. Watetezi wakabane hapo: anayeomba kibali aeleze ni swali gani jipya analolijibu, na kwa nini chembe hai zilizokuzwa maabara hazitoshi. Marekani iliondoa sharti la lazima la kujaribu dawa mpya kwa wanyama Desemba 2022. Kondoo wa Liggins wangepita mtihani huo wa kibali.