Hasidi Ana Sababu

Wenzangu wa grupu letu la kuunda magari madogo ya plastiki, kabla hamjaendelea kumwamini yule kinyozi jirani yangu, nawaomba mnisikilize na mimi. Sikulazwa. Sikukatwa kidole. Zimamoto hawakuitwa. Mengine yote aliyoyamwaga kwenye grupu tangu juzi, ikiwemo ile habari ya foili, ni kweli, na ndiyo maana nimeona bora niyaseme mwenyewe kabla hajayaongeza chumvi yakawa bahari. Wale mlionijazia "mrejesho tafadhali, fundi", haya, huu hapa.

Kile kipanya cha Mzee mteja wangu, ile daladala ndogo ya plastiki, mnakikumbuka, niliwaonyesha tangu kikiwa ganda tupu. Hiace ya kipimo cha 1 kwa 24, kama sentimeta 20 kutoka bampa hadi bampa, niliyoiokota soko la Karume kwenye fungu la midoli ya mitumba, ndani ya boksi la Kijapani lililopasuka pembe zote. Nusu ya vipande havikuwemo. Matairi nikayatoa kwenye gari la mashindano lisilo na bodi, vioo vya pembeni nikavinyang'anya lori, viti nikavikatakata na kuvipanga safu nne ili konda apate pa kusimama ameinama kama inavyotakiwa. Antena ni kijiti cha ile fremu ya plastiki inayoshikilia vipande boksini, nilikipasha juu ya mshumaa nikakivuta hadi kikawa uzi. Rangi aliyoipaka mwenyewe wa kwanza niliivua kwa mafuta ya breki, nikakilaza humo usiku kucha, asubuhi plastiki ikatoka nyeupe kama yai lililomenywa.

Na ni mimi, kwa mdomo huu huu, niliyewaandikia mwezi uliopita kwa herufi kubwa: MAFUTA YA BREKI SAWA, ASETONI KAMWE, ASETONI INAKULA PLASTIKI. Mkanipigia makofi. Kuna aliyeniita profesa. Hilo liwekeni pembeni, tutalirudia.

Mzee alikuwa na Hiace ya kweli iliyomsomeshea watoto wote. Ikachoka, akaiuza vipuri, akanunua basi la Costa, ila moyo ukabaki kwenye kipanya. Akataka kumbukumbu ya kuweka kwenye kabati la vyombo sebuleni. Kishika uchumba akatoa elfu 50, na sharti likawa moja tu: nyuma iandikwe kama ile ya zamani, HASIDI HANA SABABU. Herufi 16. Niliziandika kwa brashi niliyoing'oa nywele zikabaki tatu, siku mbili nzima, napumua pale tu penye nafasi kati ya neno na neno.

Makabidhiano yalikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Saa saba mchana kilichobaki kilikuwa keria ya juu, nukta nne za gundi, basi. Supaglu ikawa imeziba mdomo. Nikaitoboa kwa pini, nikaminya. Kimya. Nikaminya tena kwa hasira.

Niwape historia kidogo ya hiyo supaglu, maana nina uchungu nayo. Mwaka 1942 kule Marekani mkemia aitwaye Harry Coover alikuwa anatafuta plastiki ang'avu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, akapata dude linalonata kila linapogusa, akaona usumbufu, akaliacha. Mzee wa watu aliona mbali. Basi wangeliacha huko huko! Wakaja kulirudia, mwaka 1958 likaingia dukani, na mwaka huu likaingia Mbagala kwenye viganja vyangu. Tena lenyewe hugandishwa na unyevu. Sasa niambieni, mtu mwenye jasho la Dar saa saba mchana, chini ya bati, anaponea wapi?

Basi gundi ilitoka yote kwa mpigo. Nikachukua pamba nifute haraka. Hili nalo nalijua, nimewahi kuwaambia: supaglu ikinywewa na pamba hupata moto ghafla. Pamba ikaanza kutoa moshi mkononi mwangu. Nikairusha, nikaruka, kipanya kikaanza kuporomoka mezani, nami nikakidaka kwa nyuma, kwa mkono ule ule uliolowa gundi. Vidole viwili juu ya paa, kidole gumba mlango wa nyuma. Nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillah, nimekiwahi.

Nikataka kukiweka mezani. Kikakataa kushuka.

Dawa yake naijua: maji ya uvuguvugu, sabuni, na subira. Maji nilikuwa nayo. Sabuni nilikuwa nayo. Nikaloweka dakika tano, simu ikaita, Mzee: "Mwanangu, nimeshatoka, leo sichelewi." Ndipo nikamkumbuka dada yangu, binti wa mama mkubwa, mwenye saluni Tandika. Saluni za hapa mtaani zipo tele, ila nilitaka kuaibikia mbali. Kumbe natoka getini na kinyozi amekaa pale pale kibarazani kwake. Akaniangalia mkono. Hakusema kitu. Kwa anayemjua yule bwana, kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu.

Na usafiri wenyewe wa kwenda Tandika ni upi? Daladala. Nimepanda daladala nikiwa nimeshikwa na daladala.

Ilijaa. Mkono wa kushoto nimeshika bomba, wa kulia nimeuinua juu ya vichwa vya watu kisije kikakandamizwa, kama mtu anayebeba kombe. Konda akanitazama, akatazama juu, akagonga sarafu zake. "Braza, hiyo gari yako nayo inalipa nauli, au hesabu yake kwa tajiri?" Gari zima likacheka. Hilo ningelimeza. Tatizo mbele yangu alikaa mama na mtoto wa miaka kama mitatu, na mtoto amekiona.

"Mama, nataka gari."

"Kaka, mpe mtoto ashike kidogo, atanyamaza."

"Mama, samahani, haitoki."

"Haitoki vipi? Si ya kuchezea?"

"Imeganda, mama. Kwenye mkono."

Mtoto akaangua kilio cha kufiwa. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema vijana wa siku hizi wana choyo, mtu mzima na ndevu zake anamnyima mtoto mdoli. Mama akageukia dirishani: "Achana naye mwanangu, roho mbaya haijengi." Vituo vitatu. Nawaapia nimewahi kufukuzwa kazi na haikuuma vile.

Saluni sasa. Taratibu hapa, maana hapa ndipo kinyozi anapodanganya mpangilio.

Wateja wanne, wawili chini ya draya. Dada alicheka hadi akakaa chini. Akaleta chupa, nikasikia harufu kabla sijasoma karatasi. Nikamwambia, nikitetemeka, "Dada, hiyo ni asetoni, isiguse gari, weka kwenye ngozi tu, tone tone, kwa kijiti." Akanijibu, "We, mimi natoa kucha bandia kila siku. Utanifundisha kazi?" Akalowesha pamba, akanizungushia vidole vyote vitatu, juu akafunga foili, kama anavyowafanyia wateja wake. Vidole pamoja na paa. Kidole gumba pamoja na mlango. "Dakika kumi, usitikisike." Akaenda kusuka mtu.

Mnauliza kwa nini sikuvua foili. Mkono mmoja umefungwa, mwingine unashikilia simu ya Mzee inayoita. Halafu nitawaambia ukweli: nilitumaini. Profesa wenu alikaa kwenye kiti cha plastiki akitumaini kwamba kemia itamwonea huruma.

Dakika ya tatu nikahisi ubaridi. Dakika ya tano, chini ya kidole cha shahada, paa ambalo lilikuwa gumu likawa kama godoro. Dakika ya saba likawa kama uji. Pembeni ya foili nikaona keria yangu inainama polepole, kwa adabu, kama mtu anayerukuu. Antena ikalala. Kioo kimoja kikajitoa chenyewe kikadondokea kwenye goti langu.

Dakika ya tisa mlangoni akasimama Mzee. Kanzu nyeupe, kofia, siku yake ya furaha. Kinyozi, Mungu amlipe, alikuwa amemwelekeza hadi mlangoni.

"Shikamoo Mzee," nikasema, na kwa mazoea nikanyanyuka nikampa mkono. Mkono wenye foili.

Hakuupokea. Aliuangalia. Draya mbili zikazimwa ili watu wasikie vizuri. Dada akaja, "Imeiva," akafungua foili kama anafungua samaki wa kupaka.

Vidole vilitoka. Hilo tumpe haki yake. Vilitoka vikivuta paa nyuzi nyuzi kama mlenda, kadiri ninavyorudisha mkono ndivyo uzi unavyorefuka, nikawa narudi nyuma hadi nikamgonga mteja. Paa lilibaki na mashimo mawili, na kupitia humo viti vyangu safu nne vikionekana, abiria wangekuwemo wangepunga mkono. Kidole gumba ndicho kilichotoka mwisho. Kilitoa sauti ndogo, tsk, kama mtu anayesikitika.

Mzee akakichukua kipanya kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akavaa miwani. Akasoma nyuma kwa sauti, polepole, kama anasoma wosia:

"Hasidi... ana... sababu."

Nikaangalia kidole gumba changu. Herufi H ilikuwa pale, imekaa vizuri kabisa, nzuri kuliko nilivyoiandika.

Sikumbuki nani alianza kucheka. Najua dada alikuwa wa pili, na mama mmoja wa draya alilazimika kutolewa nje apate hewa. Mzee hakucheka mpaka alipofika mlangoni, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Elfu 50 nilimrudishia, akakataa. Nikamwambia aniachie nikitengeneze upya, akakataa pia. Ngozi ya vidole imeshaanza kurudi, H ilitoka siku ya pili, nikamwomba dada msamaha, akaniomba yeye nauli ya chupa nzima ya asetoni.

Kipanya Mzee hakukiweka kabatini. Amekifunga kwenye dashibodi ya Costa, mashimo juu, mgongo kwa abiria wasome. Najua kwa sababu jana nilipanda bila kuangalia gari ni ya nani. Konda akaja kukusanya, akanitazama usoni, akanitazama kidole gumba, akageuka akaangalia dashibodi, akarudi.

"Fundi," akasema, "leo nauli ya mmoja tu?"