Mteja wa siri melini: safari ya bure, jembe mkononi

"Shikamoo mjomba," alinisalimu kijana mmoja tukisubiri kivuko cha Msangamkuu, hapa Mtwara, kisha akanipa simu yake nisome. Tangazo lilitafuta "mteja wa siri" wa kupanda meli ya kitalii: ule, ulale, uogelee, ulipwe. Alitaka kujua kama hiyo ni kazi au utapeli.

Kazi ipo. Wenye meli hutaka kujua abiria anahudumiwaje bosi akigeuza mgongo, hivyo hutumia wakala, naye wakala humtafuta mtu wa kawaida apande kama abiria, aangalie, kisha aandike. Malipo makubwa ni safari yenyewe, yaani chumba, chakula na fedha kidogo ya matumizi. Ujira wa mkononi, ukiwapo, ni mdogo.

Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mteja wa siri hupewa jembe kabla hajakanyaga ngazi ya meli. Mhudumu alichukua dakika ngapi kufika mezani? Beji yake ina jina gani? Supu ilikuwa ya moto? Wa baa alitoa risiti, au hela iliishia mfukoni? Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanyishwe zoezi la dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Je, walionyeshwa kuvaa jaketi okozi, au walipiga picha tu? Yote hayo uyakumbuke, kwa sababu ukionekana na daftari siri imekwisha. Ndiyo maana choo hugeuka ofisi.

Tufanye hesabu ya kukisia. Safari ya siku 7, saa 4 za kuchunguza kila siku, ni saa 28. Ukishuka, siku mbili nzima za kuandika ripoti: saa 16. Jumla saa 44, kazi ya wiki nzima, na ripoti ikichelewa au ikiwa na mapengo unaweza kukosa hata kurudishiwa ulichotumia. Mara nyingi pia unatanguliza fedha yako, unarejeshewa baadaye.

Mstaafu wa Ulaya anayekaa jirani na bandari, ambaye angejilipia safari hiyo hata hivyo, hapo kapata. Ananunua likizo kwa jasho la kalamu. Kijana wa Mtwara ana mlima mwingine: viza, nauli ya ndege ambayo mara nyingi ni juu yake, na kabla ya ndege hiyo kuna zaidi ya kilomita 500 za basi hadi Dar es Salaam. Tena fomu inaweza kumtaka akae baa, aagize kinywaji, apite na kwenye kamari. Mwislamu anayeshika dini yake afanyeje? Anayehitaji hela ya kula asiende huko. Meli haimlipi kodi ya nyumba.

Hata hivyo siidharau kazi yenyewe. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake, lakini alikuwa msomi aliyekaribishwa kwa heshima. Mgeni anayejulikana huonyeshwa sebule. Asiyejulikana huliona na jiko. Na meli za kitalii hutia nanga Kilwa mara moja moja, abiria wakashuka kutazama magofu yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Mmoja wao akiwa mteja wa siri, ripoti yake itamgusa nahodha wa mashua, mwongoza watalii na hata choo chetu. Mwenye jicho hilo tungemhitaji hapa, kwenye hoteli za Lindi na mabasi ya kusini.

Linalonikera ni moja. Jina la mhudumu linaandikwa, yeye hajui, na huenda siku hiyo alikuwa amesimama tangu alfajiri. Mwandishi wa ripoti asiyeeleza hilo anaweza kumkosesha mtu riziki kwa supu iliyopoa.

Nilimwambia kijana ashuke hadi chini ya tangazo. Palikuwa na "ada ya usajili", itumwe kwa simu. Wakala wa kweli hamtozi mtu ada ili ampe kazi. Alisonya, akaufunga ukurasa, kisha akatazama saa na kuniuliza kivuko kilitakiwa kufika saa ngapi.