Ada ya Siku Ambayo Mtoto Hakuja

Kuna mzozo mmoja ambao hauishi kati ya wazazi na akina mama wanaolea watoto wa watu majumbani mwao. Mtoto ameugua wiki nzima, mwisho wa mwezi mzazi anakata ada ya siku hizo. "Si hakuja?" Mimi niko upande wa mlezi, bila kusitasita. Ada hiyo ni haki yake.

Biashara hii ina dari. Mwenye duka akipata wateja wengi huongeza bidhaa, lakini mlezi hawezi kuongeza watoto apendavyo, maana mikono yake ni miwili. Nchi nyingi zinazosimamia huduma hii huweka kikomo, na kwa wachanga mara nyingi ni watoto 3 au 4 kwa mtu mzima mmoja. Kwa hiyo nafasi ya mwanao ni sehemu kubwa ya kipato chake chote. Amekushikia, amewakatalia wengine. Asipokuja leo, nafasi ya leo imepotea, wala kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi havipungui.

Tena kuna gharama ambazo hata walezi wenyewe huzisahau: maji, umeme, sabuni, godoro lililolowa mkojo, kochi lililochanika. Kuna saa za kuosha midoli na kudeki baada ya wote kuondoka. Asiyeziingiza kwenye hesabu hujikuta anajilipa makombo, au halipwi kabisa, kwa sababu fedha ya ada imeingia mfuko mmoja na ya matumizi ya nyumbani. Atenganishe mifuko hiyo na ajipangie mshahara, hata uwe mdogo.

Halafu kuchelewa. Saa ya kufunga imepita, amebaki mtoto mmoja, viatu miguuni na mkoba mgongoni, geti likilia anainuka. Mama yake kwenye simu: "Nipo njiani." Nyumba bado ni mahali pa kazi kwa sababu ya huyo mmoja, na watoto wa mlezi mwenyewe wanasubiri zamu yao. Muda huo ulipiwe.

Nadhani ugumu wote unatokana na mazoea. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya matunzo isiyolipwa. Jambo ambalo mama na bibi zetu walilifanya bure, tukitajiwa bei yake tunashtuka.

Najua mzazi naye amebanwa. Mishahara mingi haitoshi ada. Hapo waajiri na serikali wana wajibu wao, na inaniuma kuona pengo hilo linazibwa na mlezi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote watatu.

Ukurasa mmoja wa makubaliano hupunguza ugomvi mwingi: ada hulipwa mwanzoni mwa mwezi, saa ya kumchukua mtoto, nyongeza ya kuchelewa, siku za ugonjwa, likizo ya mlezi, na muda wa taarifa kabla ya kumwondoa mtoto. Mlezi auandike kabla ya kumpokea mtoto. Na wewe mzazi, ukiona ada imekuzidi, mwambie mapema mpunguze siku kwa kuelewana, ili apate kumtafuta mtoto mwingine wa kujaza siku zilizobaki.